Makaa ya Ijumaa

Niliondoka Lodwar juu ya lori la samaki wakavu. Barabara ilitutikisa mpaka Kitale, tukalala Nakuru chini ya turubai, na kesho yake dereva akanishusha Naivasha. "Boss, shuka hapa. Maua hayakatai mtu." Nilikuwa nimeishi miji mingi hata sikuuliza zaidi. Katika mtaa wa Karagita nilipata chumba kimoja cha mabati, na kwenye shamba la maua kazi ya kupanga mashina ya waridi kwa urefu. Harufu ya samaki haikunitoka upesi, na wenzangu kazini walikuwa wakisogea nikikaribia.

Tuliyepakana naye ukuta alikuwa mtu wa kilemba cheupe, mwenye mke mshonaji na binti mmoja mdogo aliyeanza shule. Dini yake, ya Wakristo wa vilemba, ilikuwa ya zamani na ngumu. Hakuwahi kumeza dawa maisha yake yote. Jua la Ijumaa likizama, mpaka Jumamosi jioni, hakuwasha moto, hakugusa pesa, hakupanda gari. Kwa sababu hiyo kampuni za maua hazikumwajiri, naye aliuza mboga za sukuma wiki kando ya barabara.

Lakini hakupenda moto upotee bure. Kila Ijumaa, jua likiwa bado juu ya ziwa la Naivasha, alibeba jiko lenye makaa mekundu akaliweka mlangoni pangu.

"Jirani, pika."

Basi, hayo tu. Nilipika, nikaota moto mpaka makaa yakawa majivu, na Jumamosi jioni nikamrudishia jiko safi. Akina mama wa vyumba vingine vya ploti walinicheka: "Wengine wanaletewa chakula na bibi, wewe unaletewa jiko na mzee wa kilemba!" Nilicheka nao. Hawakujua kwamba wiki nzima hakuna mtu mwingine aliyebisha mlango wangu.

Hakuwahi kunialika kanisani kwake. Siku moja nilimuuliza kama mimi nitachomwa jehanamu.

"Sijui," alisema. "Mimi nimeambiwa nijiangalie mimi."

Kisha akaja mhubiri mgeni, kijana mwenye spika kubwa, akakodi godauni iliyokuwa ya vitunguu. Alisoma Biblia ileile na kufunga kilemba kilekile. Mwanzoni alihubiri kukataa dawa na kushika Sabato kama jirani yangu. Halafu akasema shule ni mtego. Halafu akasema anayekula na watu wa dunia ni wa dunia, na waaminifu wauze vyombo vyao wamfuate nyikani. Mke wa jirani alianza kwenda kila siku. Binti akaacha kuvaa sare. Baba yake alimvalisha asubuhi, mama akamvua baba akienda kuuza mboga.

Ijumaa moja nilisikia maji yakimwagwa kwenye makaa. Mvuke ulipita chini ya ukuta ukaingia chumbani kwangu. "Moto wetu si wa wapagani," mama yule alisema. Jioni ile nilikula mkate mkavu.

Usiku huohuo mtoto alianza kukohoa, na kulipokucha kifua chake kilikuwa kikiingia ndani kila akivuta pumzi. Mama alisimama mlangoni.

"Ukimpeleka hospitali umemuua mara mbili, mwili na roho. Wewe mwenyewe hujawahi kumeza dawa!"

"Mimi niliapa," alisema mumewe. "Huyu hajaapa kitu." Akamfunga mtoto mgongoni kwa shuka, akaniita. "Jirani, leo ni Sabato. Njoo uwe mkono wangu."

Kijana wa pikipiki ya boda alitufuata akipiga honi. "Mzee, panda tu, mtoto anaisha!" Hakupanda. Alitembea haraka kiasi kwamba nilikuwa nikikimbia nyuma yake, nikimkasirikia, nikihesabu pumzi za mtoto. Pale zahanati nililipa mimi. Nesi aliniuliza, "Wewe ndiye baba?" Nikamwonyesha. Alikuwa ameshika miguu ya binti yake ili achomwe sindano, uso umeelekea ukutani, akinong'ona zaburi.

Mtoto alipona. Tuliporudi, mama hakuwepo. Alikuwa ameondoka na watu wa godauni, na cherehani yake haikuwepo pia.

Habari za watu wa godauni kwenda nyikani zilipoenea, ploti nzima ikamgeukia jirani yangu, yule aliyebaki. "Vilemba ni vilevile," keateka, msimamizi wa ploti, alisema, akamwambia ahame. Nilisema si vilevile, nikaeleza habari za zahanati. "Wewe nyamaza, mtu wa makaa," mmoja akasema, na wote wakacheka. Jirani alimpeleka binti kwa nyanya yake Kinangop, aendelee na shule huko, naye akasema atamtafuta mkewe hata kama ni kwa miguu. Aliniaga bila kunitazama machoni. Jiko alikwenda nalo.

Nilinunua langu. Chumba chake kikapata kijana wa mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, mwenye redio. Ijumaa moja, jua likishuka, nilipika mapema, nikabeba jiko likiwa jekundu, nikaliweka mlangoni pake.

"Jirani, pika."

Aliangalia jiko, akaniangalia mimi. "Mzee, asante, lakini mimi natumia gesi." Akafunga mlango polepole, kwa adabu.

Nililirudisha kwangu, nikaota mpaka likapoa. Asubuhi nilimwachia keateka ufunguo, nikaenda barabarani kutafuta lori, lolote, linalopanda kwenda mji mwingine.