Vyuma vya Ubavuni mwa Lori

Nawasalimu nyote mliolala hapa, na ninyi mnaowauguza. Mimi ni Mwende, mke wa Kioko. Nililazwa katika wodi kama hii, na leo nimeingia nikitembea. Nipeni masikio kidogo.

Kabla ya ajali nilikuwa mtu wa mbio. Nilishona suruali katika kiwanda kimoja kule EPZ, eneo la viwanda vya nguo za kuuzwa nje, Athi River, na kazini nilienda kwa baiskeli. Wenzangu waliotembea kwa makundi walinicheka. "Mwende, wewe ni mwanamume?" Nilipiga kengele nikawapita. Kioko alikuwa fundi wa kuchomelea, akitengeneza milango na madirisha. Mtoto wetu, Ndanu, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuunga maneno, akiniita mwaitu, yaani mama.

Asubuhi hiyo jua lilikuwa limeshatoka. Nilikuwa pembeni kabisa mwa lami, lori la mchanga likanifikia. Lilikuwa linaenda polepole, likitaka kukata kushoto kuingia mahali wanapomwaga mchanga. Kichwa cha lori kilinipita, halafu ule mwili mrefu ukaanza kunisogelea. Nilipiga kelele. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma palikuwa wazi, mtu anapita. Usukani wangu uligusa bodi ya lori, nikaangukia ndani ya uwazi ule. Niliona chuma na matope juu ya uso wangu. Kisha gurudumu la nyuma likapanda mguu wangu wa kushoto.

Uchungu haukuja mara moja. Kwanza nilisikia sauti, kama ya kuni kavu zikivunjwa. Nilipoangalia, mfupa mweupe ulikuwa umetokeza juu ya kiatu, na kiatu kimeangalia nyuma. Dereva, kijana aitwaye Mutua, alishuka akanikimbilia.

"Mama, sikukuona! Kwa kioo hukuwa!"

Alivua shati lake, akanifunga juu ya goti akakaza kwa nguvu. Shati hilo ndilo lililonifikisha hospitali ya Machakos nikiwa hai.

Madaktari walijaribu kuuokoa mguu. Waliosha kidonda, wakaunga mfupa kwa vyuma. Lakini vidole vikawa baridi, vikageuka rangi ya majivu, halafu vyeusi. Nilianza kunuka. Wageni walioniletea uji walikuwa wakizungumza huku wameangalia dirisha, nami nilijua kwa nini. Homa ikanipanda mpaka meno yakagongana.

Daktari wa mifupa, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alikaa kitandani kwangu.

"Mwende, nimeupigania huu mguu. Sasa uozo unapanda. Tukikata chini ya goti, utaishi."

"Na nikikataa?"

"Sitakudanganya. Utakufa."

Nilimwangalia Kioko aliyekuwa amesimama ukutani. Alinijibu kwa Kikamba, nami nawaambia kwa Kiswahili: "Nataka wewe urudi nyumbani. Mguu wacha ubaki."

Nikasema, "Kateni."

Ninyi mliokatwa mnajua yaliyofuata. Nililia kwa sababu kidole ambacho hakipo kilikuwa kinaniwasha, na hakuna mahali pa kukuna. Nilianguka bafuni na magongo yangu. Ndanu alipoletwa alijificha nyuma ya baba yake. Hiyo iliniuma kuliko msumeno wa daktari. Lakini baada ya muda alisogea, akaweka kiganja chake juu ya bandeji, akaniuliza kama bado naumwa. Nikamwambia, leo si sana.

Mutua alikuja na machungwa. Kioko hakumpa mkono.

"Ndugu, nitukane tu," Mutua alisema. "Mimi hata chakula hakipiti."

Daktari alikuwa amefika kunifunga kidonda. Akamuuliza, "Lori yako ina vyuma ubavuni?"

"Vyuma gani, daktari?"

"Kule nilikosomea, malori yanazibwa pale kati ya magurudumu. Mtu wa baiskeli akigongana nayo anasukumwa nje, haingii chini. Na dereva ana kioo kilichobinuka, kinamwonyesha ubavu wote."

Alituchorea kwa kidole juu ya blanketi langu. Kioko alitazama mpaka mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamwambia Mutua neno: "Hiyo lori, niletee."

Lakini lori lilikuwa la Mzee Salim, mfanyabiashara wa Machakos mjini. Nilipotoka hospitalini tulienda kwake dukani. Alitusikiliza, akatikisa kichwa.

"Mchanga tunautoa mtoni. Vyuma vitagonga mawe, ving'oke."

"Nitaweka bawaba," Kioko akasema. "Mkishuka mtoni mnaviinua, mkirudi barabarani mnavishusha."

Mzee Salim aliangalia rinda langu pale lilipokuwa tupu. "Na wewe binti yangu, umepanda ngazi zote hizi na magongo?"

"Nimepanda, mzee. Sitaki mtu mwingine aletwe kwa kile kitanda changu."

Alinisogezea kiti. "Basi wekeni. Malori yangu yote." Tena yeye mwenyewe akaongeza king'ora cha kulia lori linaporudi nyuma.

Vyuma vya kwanza vilipinda safari ya kwanza tu. Kioko alitafuta bomba nene zaidi, akaanza upya. Na mimi nilikuwa naanza upya. Mguu wa bandia ulinichuna ngozi, soksi ikalowa damu. Nilikaza meno. Hatua za kufika mezani zikawa za mlangoni, za mlangoni zikawa za barabarani. Kiwandani walinirudisha kwenye cherehani ninayokanyaga kwa mguu wa kulia.

Halafu jioni moja Mutua akaingia kwetu bila kubisha, anahema.

"Mwende! Ameamka! Amenitukana!"

"Nani?"

Siku hiyo ilikuwa ya soko kule Mwala. Mtu mmoja alikuwa akiteremka na baiskeli yenye mitungi ya maji, breki ikakatika, akaja moja kwa moja ubavuni mwa lori wakati Mutua anakata kona. Akagonga vile vyuma, akarushwa vumbini. Mitungi ikapasuka, kiwiko kikachubuka. Akasimama, akamtukana Mutua matusi yote anayoyajua.

"Na wewe ukafanya nini?" Kioko akauliza.

"Nikamkumbatia!"

Tulicheka mpaka tukalia. Usiniulize ni wakati gani kicheko kiligeuka kilio, sijui. Mtu mzima alikuwa amerudi kwao kwa miguu yake miwili. Baada ya hapo madereva wengine wakaanza kuleta malori yao kwa Kioko, na mimi nikapanda baiskeli tena. Wenzangu wa kiwandani walisimama pembeni wakanipigia vigelegele.

Namshukuru Mungu aliyenibakiza. Namshukuru daktari, mume wangu, na Mutua pia. Ewe uliyelala hapo, kubali kuoshwa kidonda hata kama kinauma. Usione haya kulia. Amka ufanye mazoezi siku ambayo hutaki. Na ukishapona, usibaki kuuliza tu ni nani aliyekugonga. Uliza ni kitu gani kilikosekana kwenye lile gari, kisha nenda, hata kwa magongo, ukahakikishe kimewekwa.