Waliniita "Da" kwenye meza ya farasi Brussels, nikahama na kiti changu

Wakuu, kwema? Mlio nyumbani na sisi tuliotawanyika huku kwenye baridi, wote nawasabahi.

Nimekuja na kisa changu mwenyewe na sijakitia chumvi. Picha sina. Anayetaka ushahidi apande ndege aje Brussels, nitamwonyesha kiti chenyewe.

Najua kuna watakaokimbilia kuandika "kamari ni haramu" na "mwanamke mzima unabeti na wazee". Jibu lenu chukueni kabisa: nabeti Jumamosi tu, kwa jasho langu, na ninachoweka ni kidogo kuliko bando mnalonunua kuja kunitukana.

Tuendelee.

Mimi ni wa Tanga, naishi Anderlecht, nafanya physiotherapy kwenye hospitali moja Jette. Mzee kabadilishiwa nyonga, mama katoka kwenye stroke, mimi namwambia "tembea" halafu natazama mguu upi unadanganya. Wiki nzima nashinda natazama miguu. Hilo mlishike, mtalihitaji mbele.

Jumamosi nashuka Saint-Josse kwenye café ya Maman Clarisse, mama wa Lubumbashi. Mbele anauza bukari, ambao ndio ugali wenu huo, na sombe, yaani kisamvu. Nyuma ana TV ya mbio za farasi na mashine ya kubetia.

Chini ya TV pana meza moja kubwa. Wanaikalia wazee wa Katanga, pamoja na padri mstaafu wa Kibelgiji aliyefundisha Kolwezi ujana wake wote. Huyo wanamwita Mupe, na Kiswahili chake kinawashinda watoto wenu wa English medium. Mkubwa wa meza ni Papa Mwepu, mtu wa Likasi. Cheo chake ni président, na msimchukulie poa, anakiishi.

Kilichonipeleka pale mwanzoni hakikuwa farasi. Kilikuwa Kiswahili. Kwenye ghorofa langu nasalimiana na lifti. Kazini ni Kifaransa na Kidachi. Pale ndipo mtu ananiita kwa sauti, ananitania, ananiuliza nimekula nini. Nikiikosa meza ile, wiki yangu nzima haina mtu. Naandika hivi hivi bila aibu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sasa, farasi wenyewe. Mbio tunazofuata ni zile farasi anakokota kigari cha magurudumu mawili, dereva kakaa nyuma yake. Sheria yake ni moja: farasi aende trot tu, ule mwendo wa miguu kupishana. Akipandisha akaanza kuruka, yaani kwenda shoti, hatua zikiwa nyingi anatolewa. Hata akifika wa kwanza.

Kwenye gazeti la mbio kila farasi ana mstari wake wa matokeo ya nyuma. Akishika nafasi ya kwanza wanaandika 1a, ya tatu 3a. Akitolewa kwa kwenda shoti wanaandika Da.

Mnaona linapoelekea?

Kwetu Tanga, Da ni dada. Da Mwajuma, Da Zuhura. Siku zangu za mwanzo pale mezani nikalifungua gazeti, nikaona Da, Da, 2a, Da. Nikauliza kwa sauti, mtoto wa watu na confidence yangu: "Mbona mbio hizi zimejaa majike? Huyu Da, huyu Da, na huyu naye Da mara tatu?"

Meza nzima ikanigeukia. Halafu ikapasuka. Papa Mwepu alicheka mpaka akavua miwani. Mupe ndiye aliyenieleza taratibu, naye akijiuma midomo.

Kuanzia hapo jina langu likawa Da. Ningelipokea kama utani, maana sisi Watanga tunataniana mpaka msibani. Lakini wao walikuwa wanamaanisha ile Da ya gazeti. Nikichagua farasi akashinda: "Da iko na chance." Akishindwa: "Da ni Da." Kwenye kuchambua mbio hakuna aliyeniuliza neno. Nikifungua mdomo, Papa Mwepu ananipigapiga begani.

"Maman, farasi haisomake na roho. Weye uko na chance, njo tu."

Yaani farasi hasomwi kwa moyo, mimi nina bahati tu. Chance! Mimi ninayejua mtu ana maumivu ya goti la kushoto kwa kumwona tu anavuka barabara!

Baridi ilipoingia, uwanja mmoja mdogo tunaoupenda ukafungwa mpaka msimu mpya. Wazee wakahamia mbio za nchi nyingine. Mimi nikabaki na farasi wale wale wa uwanja wetu. Kwenye metro line 5, asubuhi na jioni, natazama replay za msimu uliopita kwenye simu. Watu wanatazama series, mimi natazama miguu ya nyuma ya farasi.

Ndipo nikamwona Kriek du Canal. Kriek ni bia ya huku ya cheri, nyekundu, na yeye mwenyewe ni mwekundu. Mstari wake kwenye gazeti ulikuwa balaa, Da zimepangana kama shanga. Wazee walikuwa wanamruka bila hata kumsoma.

Nikamrudia mara nyingi. Mguu wake wa kushoto wa nyuma una hatua fupi kidogo. Akibanwa ndani kwenye kona ya kwanza, mguu unakosa nafasi, anapandisha shoti. Akikaa nje, kwenye njia pana, hajawahi kuharibu hata mara moja. Farasi hakuwa mkorofi. Alikuwa anapitishwa mahali pabaya.

Kuna jambo jingine la mwanzo wa msimu. Farasi wote wametoka mapumzikoni, kwa hiyo matokeo ya gazetini ni ya mwaka jana. Unajuaje nani kaja kushindana na nani kaja kunyoosha viungo? Unatazama kwato. Wakimvua farasi viatu vya chuma anakuwa mwepesi, lakini kwato zinachoka, hivyo hawamvui kila siku. Anayekuja peku siku ya ufunguzi, mwenye farasi huyo amekuja kazini. Gazeti linaandika, ila wazee wangu walishazoea kusoma majina makubwa.

Siku ya ufunguzi programme ikatoka. Vigogo watatu wote wamevaa viatu. Kriek: peku miguu yote minne, na kapangiwa kuanzia nje.

Nikalizungushia jina lake kalamu, wakuu.

Meza ile ina desturi. Siku ya kwanza ya msimu kila mmoja anataja farasi mmoja kwenye mbio kubwa. Ambaye farasi wake atafanya vizuri kuliko wa wenzake ndiye président wa msimu mzima, na ndiye anayeandika farasi watatu wa meza kwenye kibao juu ya kaunta. Kila anayeingia anabeti kwa kukisoma kibao hicho. Papa Mwepu alikuwa nacho misimu na misimu.

Zamu ikazunguka, ikaniruka. Kama vile kiti changu hakina mtu.

Nikasema: "Na mimi nina farasi. Kriek du Canal."

Wakacheka kwanza. Papa Mwepu akauliza: "Bon, Da. Na ukipoteza?"

Damu ilikuwa imeshanipanda. Nikajibu: "Nikishindwa nahama meza hii."

Nilikuwa nangoja mtu aseme "hapana maman, usiende mbali hivyo". Hakuna aliyesema. Hilo liliniuma kuliko Da zote walizowahi kuniita.

Mbio zikaanza. Kriek katoka nje vizuri, masikio mbele, miguu inapishana kama cherehani. Mimi nimesimama. Halafu yule dereva, sijui nani alimtuma, akaona upenyo mdogo ndani kabla ya kona ya kwanza, akamwingiza.

Nikapiga kelele kwa Kiswahili kwa mtu aliyeko kilomita nyingi ndani ya TV: "Usimwingize ndani! Mtoe! Mtoe huyo!"

Akabanwa. Akapandisha shoti.

"Da! Da!" Papa Mwepu kapiga meza mpaka vikombe vimeruka. "Anaruka, eeh! Disqualifié!"

Dereva akamvuta, akamrudisha kwenye trot, wenzake wote wameshampita. Kisha akamtoa nje. Wakuu, sijawahi kuona vile. Alimpita mmoja, akapita wawili, akawala vigogo wenye viatu mmoja mmoja, na kwenye mstari alifika wa kwanza peke yake. Farasi wa Papa Mwepu alikuwa wa nne, wa wenzake nyuma zaidi.

Mimi nalia, Maman Clarisse kaacha sufuria kaja kunikumbatia.

Halafu yakatoka maandishi kwenye TV: waamuzi wanatazama picha. Tukangoja. Hakuna aliyekunywa.

Wakamtoa. Zile hatua za shoti kwenye kona zilikuwa nyingi mno. Da.

"Mulisikia?" Papa Mwepu akasimama kabisa. "Da alichagula Da!"

Mupe akasema taratibu: "Lakini alifika wa kwanza, Mwepu."

"Kufika haiko kushinda, Mupe."

Na kwa sheria alikuwa sahihi. Sikubishana. Nilivaa koti langu, nikafunga skafu. Moyoni nilikuwa naiona ile lifti ya Anderlecht ikinisubiri.

Halafu nikakishika kiti changu kwa mgongo, nikaanza kukikokota kwenda mlangoni.

"Eh! Da! Unapeleka wapi kiti?"

Nikageuka. "Nilisema nahama meza. Sikusema naacha kiti."

Nikakiweka nje kwenye lami, chini ya turubai wanapokaa wavuta sigara. Mvua ya Brussels ile ya kutojua kama inanyesha au inakutania. Nikakaa, nikafungua gazeti langu.

Maman Clarisse akatoka na kile kibao chake cha njiani cha kuandikia chakula cha siku. "Bon. Kama uko unakaa inje, alors unilindiye kibao yangu." Akaniachia na chaki.

Upande mmoja kiliandikwa bukari na sombe. Upande wa pili ulikuwa mtupu. Mimi upande mtupu siuachi.

Jumamosi iliyofuata nikaandika farasi watatu. Chini ya kila jina: kavaa viatu, au peku. Hawa wa kwanza walichana mkeka wangu, nisiwadanganye. Nikaandika tena. Wapita njia wanakuja kufuata sombe wanasoma farasi. Wavuta sigara wakaanza kuniuliza maswali. Siku moja Mupe akatoka, akasema anakuja kuvuta. Mupe havuti. Akasimama pale na mikono mfukoni, akasoma kibao chote, akarudi ndani.

Kisha Kriek akarudi uwanjani. Peku tena. Nikaandika jina lake juu kabisa, na chini yake: "Asiingizwe ndani." Mbio nilizitazama kupitia dirisha la café, pua imeshika kioo. Dereva alikaa nje kona zote. Kriek hakuruka hata hatua moja. Alishinda kwa nafasi ambayo ungepitisha lori.

Ndani hakuna aliyepiga meza. Nje tulipiga kelele mpaka jirani wa juu akafungua dirisha.

Jumamosi iliyopita nimefika nimekuta viti vingine vimetolewa nje. Nimekaa na gazeti langu. Mlango ukafunguliwa, akatoka Papa Mwepu na miwani yake mkononi. Akajifanya anatazama mvua. Akakohoa.

"Da... bon. Ule numéro quatre. Eko na bilatu ao eko pieds nus?"

Yaani: yule namba nne kavaa viatu au yuko peku. Président ananiuliza mimi.

Sikumpigapiga begani. Ila sikumjibu pale pale pia.

"Vuta kiti, Papa. Hapa hatujibu mtu aliyesimama."

Akaenda ndani, nikasikia miguu ya kiti inakwaruza sakafu nzima ya café mpaka nje. Akakaa. Ndipo nikamjibu.

Nilichojifunza, wakuu: mtu akikuita jina la kukutoa, usipoteze muda kulikataa. Toka nalo na ulipatie kazi. Sasa hivi pale nje wanaita "meza ya Da", na kila anayelitamka analitamka kama tunavyolitamka Tanga.

Haya, uwanja wenu. Wa haramu, wa pole, wa hongera, na mnaotaka kujua wa kesho ni nani. Ila vuteni viti kwanza.