Vyungu vya Kirumi Bwawani Mzenga

Safari hii ilianza na simu ya shangazi yangu Mwanaidi, anayeishi Mzenga, Kisarawe. Korongo alikuwa anawamaliza perege wake bwawani, kundi la pili hilo, na mumewe, Mzee Salumu, alishatamka: wakiisha hawa, bwawa linafukiwa, panapandwa mihogo. Shangazi hakulia, lakini namjua. Bwawa lile alilichimba kwa mikono yake. Mimi ni mwalimu wa historia, na siku hizo nilikuwa nasoma habari za Warumi wa kale, waliojenga mabwawa ya samaki majumbani na kuacha matundu ukutani ili samaki wajifiche jua. Nikasema, anayejificha jua atashindwaje kujificha korongo?

Jumamosi asubuhi niliondoka Misugusugu kwa kirikuu, kigari cha mizigo, kilichojaa vyungu vyenye nyufa, nilivyopewa na jirani yangu mfinyanzi viwe matundu ya perege. Mlandizi tukaacha barabara kuu, na kila tuta lilinipasulia kimoja.

Saa tano tukawa Mzenga. Mzee Salumu akakagua mzigo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mwalimu, samaki unawapikia humohumo bwawani?"

Nikawaeleza habari za Warumi, mpaka bibi mmoja aliyemvisha samaki wake hereni. Shangazi akamgeukia mumewe.

"Umesikia? Samaki wa wenzio wana hereni. Mimi masikio matupu mwaka wa ngapi huu?"

Mzee akajikoholesha.

Nilipanga vyungu kwa madaha pembeni mwa bwawa, vimesimama mstari mmoja, midomo juu ya maji. Palipendeza, tajiri wa Kirumi angeniajiri. Saa kumi korongo akaja, akatua juu ya chungu na kuvua kwa raha zake kama mtu aliyewekewa kiti. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Jamani, niliona aibu!

"Mwanangu, umempambia ndege," akasema Shangazi. Akapandisha khanga, akaingia majini, akavilaza vyote chini kabisa.

Jumapili asubuhi tulijibanza nyuma ya migomba. Korongo akadonoa, akaambulia patupu. Akadonoa tena, tukasikia mdomo ukigonga chungu, ko! Akasimama weee, mwisho akaruka na njaa yake. Shangazi akapiga vigelegele. Alipomwaga pumba, perege wakachomoka vyunguni, bwawa zima likachemka. Nami nikarukaruka, mwalimu mzima.

Mchana niliaga nikiwa nimejifunza kwamba maarifa ya Warumi yanafaa sana, ila lazima apatikane shangazi wa kuyalaza sawasawa. Kirikuu kilisharudi jana yake, na bodaboda ilikuwa imeshawaka Mzee Salumu alipokuja na mzigo wa mbegu za mihogo, zile alizokwisha kuzikata kwa ajili ya bwawa. Akaufunga mwenyewe nyuma yangu.

"Kapande kwenu, mwalimu," akasema. "Hapa hakuna nafasi."