Uji wa Mama Mkwe na Makinda ya Shomoro

Mwanangu wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati, mdogo hata baba yake akaogopa kumshika. Kila tulipompeleka kwenye mizani alikuwa ameongezeka kidogo tu. Muuguzi alisema hicho kidogo kinatosha: nimnyonyeshe, nisimpe kitu kingine. Mama mkwe hakukubali. Alivuka mpaka kutoka Uvira na mfuko wa unga wa mtama, akafika kwetu Cibitoke, akamfunua mtoto, akaguna.

"Apana, uyu mutoto ana njaa," alisema. "Nitamupikia ka bouillie, ka uji ya mutama."

Mimi si mpole. Nilimwambia asithubutu, kisha nikajifungia chumbani nikalia, maana niliogopa huenda anasema kweli.

Chini ya bati la nyumba, kwenye tundu la ukuta, shomoro walikuwa na makinda. Wifi yangu, anayesomea mambo ya viumbe chuo kikuu, alikuwa akiyachungulia kila asubuhi. Mama mkwe naye akachungulia, akayaona hayana hata unyoya, midomo wazi. Yeye hawezi kuona mdomo umefunguka mbele yake akauacha mtupu. Akapanda kiti, akayawekea ugali wa muhogo aliouponda kwa vidole.

Jioni tulikuta chembe za ugali zimetupwa chini. Shomoro mama, yule yule aliyekuwa akiniibia mchele nikiupepeta, alirudi na kiwavi mdomoni.

"Ye anakula muchele, watoto anawapa viwavi?" mama mkwe aliuliza.

"Bila viwavi hawapate mwili, Mama," wifi alimjibu. "Muchele itakuya nyuma, wakisha kuwa wakubwa."

Nikauliza mbona haya yanajivuta, wakati yale ya ndege wa kwenye matawi ya mti wa jirani yalishaota manyoya na kuruka. Wifi alinieleza kwamba ndege wa kwenye matawi wazi hukua mbio kwa sababu paka anawaona; waliochelewa kuruka waliliwa, vizazi na vizazi. Wa kwenye ukuta wamejificha, kwa hiyo wana nafasi ya kukua taratibu. Kila ukoo umeshika mwendo uliouokoa, alisema, na hapa hakuna aliyechelewa.

Nilimpenda sana wifi yangu siku hiyo. Mama mkwe alizifagia zile chembe za ugali, kisha akasimama chini ya tundu akimtazama shomoro akirudi na kiwavi mwingine.

Asubuhi nikasikia mwiko unagonga sufuria, na harufu ya mtama ikaingia hadi chumbani. Nikatoka na mtoto kifuani, tayari kwa vita. Mama mkwe alijaza kikombe, akakipuliza, akaninyooshea mimi.

"Kunywa we," alisema. "Ipite kwa we kwanza, ndiyo imufikie."

Nilikinywa chote nimesimama, mtoto akinyonya, machozi yakinitoka bila aibu. Akakipokea kikombe, akakijaza tena.