Pumzi ya Lori la Milepa

Mara ya kwanza kwenda ukweni Milepa nilirudi kwa miguu, ingawa tulikuwa na lori. Milepa iko chini, kwenye bonde la Rukwa, na wakwe zangu walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Usukumani, kaskazini, wakitafuta malisho. Kushuka kulikuwa rahisi. Kupanda kurudi Sumbawanga ndiyo kazi. Lori la mume wangu lilifika katikati ya mlima na magunia yake ya mpunga, likaanza kutetemeka na kutoa moshi mweusi, na abiria wote tukashuka bila kuambiwa. Wanaume walibeba mawe ya kuzuia tairi, wanawake tukatangulia. Nilikuwa bibi harusi wa wiki mbili. Nilivua viatu vyangu vyekundu nikavishika mkononi, na mawifi zangu wakaniambia nisijali, kila mtu hushuka hapo. Pembeni palikuwa na chemchemi, na mama mmoja alikaa hapo akiuza viazi vitamu vya kuchemsha, kwa sababu alijua hakuna lori lenye mzigo litakalopita bila watu kushuka.

Miaka ile biashara ya mazao ilikuwa imefunguliwa. Zamani mahindi yetu yalinunuliwa na ushirika peke yake. Sasa mwenye gari na magunia aliweza kununua kwa mkulima na kuuza anakotaka. Mume wangu alikuwa dereva wa kuajiriwa, na shirika lake lilipouza magari chakavu kwa mnada, alinunua lile lile alilokuwa akiliendesha, lori la Kijapani la tani saba. Alisema bora gari bovu unalolijua. Na ubovu wenyewe ulikuwa mmoja tu: halikuwa na pumzi.

Fundi wetu alikuwa na gereji ya mabati kule Milanzi. Ujana wake wote alitengeneza mashine za kupasulia mbao za misheni, na alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini akifungua nati. Akinyamaza, ulijua kuna jambo gumu. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba injini haina kosa. Huku juu hewa ni nyepesi, alisema, injini inapewa dizeli lakini haipati hewa ya kutosha kuiunguza, na ile isiyoungua ndiyo moshi mweusi tunaouona. Dawa yake ni kuisukumia hewa kwa nguvu. Kuna bloa na kuna tabo. Bloa alikuwa nayo chini ya meza, ameitoa kwenye greda bovu lililoachwa na mkandarasi wa barabara, nayo ilikuwa nzito kama kondoo mzima. Tabo hakuwa nayo. Ingebidi tuitafute Tunduma, ambako siku hizo spea za mitumba zilikuwa zikimwagika sokoni kila wiki.

Fedha zetu zilitosha kitu kimoja, si viwili, na hata hizo hazikuwa zetu. Baba mkwe alikuwa ametoa fahali wawili wauzwe. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba siku moja apande lori Milepa ashukie Sumbawanga.

Mume wangu aliipenda bloa tangu alipoiona. Ilikuwa kubwa, ilikuwa karibu, na fundi angetupunguzia bei. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi shule ya msingi, Malangali, na sikujua kitu kuhusu malori, lakini kuuliza nilizoea.

"Fundi, hii bloa inazungushwa na nani?"

"Na mkanda, mwalimu. Mkanda unatoka kwenye injini."

"Na tabo?"

"Moshi. Moshi ukitoka kwa kasi unazungusha panga, kama la feni, upande huu, na panga la upande wa pili linasukuma hewa ndani."

"Moshi huu huu tunaoutupa?"

"Huo huo."

Nikamkumbuka kaka yangu. Baba yetu alikuwa mhunzi wa majembe, na kaka ndiye aliyepuliza moto kwa mivukuto. Moto uliwaka vizuri sana, lakini jioni kaka alikula ugali wa watu wawili. Nikawaambia kwamba bloa itakuwa kama kaka, injini itafanya kazi ya kujipulizia pamoja na ile ya kuvuta mzigo, na itataka chakula. Mume wangu akacheka, akasema kaka yako yuko wapi leo, si ana afya kuliko sisi wote? Basi bloa ikafungwa kwa majaribio. Fundi alikata fremu ya kitanda cha chuma akaitengenezea kishikio, akaongeza dizeli kidogo kwenye pampu, na tukakubaliana tusipoipenda airudishe chini ya meza.

Shuleni ilikuwa likizo, nami nikaenda kushuhudia. Tulishuka Milepa, tukapakia mpunga, tukaanza kupanda. Kelele zake zilikuwa kama mashine ya kusaga iliyofungwa chini ya miguu yangu, lakini lori lilipanda. Tulipita kwenye chemchemi bila kusimama, na mama wa viazi akainuka na beseni lake akatutazama tu. Mume wangu alipiga honi mpaka juu. Tulipofika tambarare, mahali ambapo hata baiskeli haina shida, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Tangi lilikuwa kavu. Dizeli ambayo siku zote ilitushusha na kutupandisha ikabaki, safari hii ilikuwa imekwisha yote mlimani.

Tulikaa kwenye nyasi karibu nusu siku tukisubiri gari la kutuuzia dizeli. Jua lilikuwa zuri, upepo wa Ufipa unavuma, na nilikuwa na karanga kwenye mfuko. Nilimenya karanga nikampa mume wangu, moja moja. Mwishowe akaanza kucheka mwenyewe, akacheka mpaka akalala chali.

"Kaka yako amekula," akasema.

Bloa ikarudi chini ya meza, na wiki iliyofuata tulikwenda Tunduma pamoja. Mwuza spea alikuwa na tabo mbili zilizofaa, moja kubwa kama sufuria ya wali na nyingine ndogo ya kushika kwa mikono miwili, bei ile ile. Mume wangu alinyoosha mkono kwenye kubwa, kama nilivyotarajia. Lakini fundi alikuwa ametuonya kwamba tabo kubwa huchelewa kuamka, inataka moshi mwingi kwanza, na mlimani lori linakwenda polepole na moshi ni mchache. Alituambia tuchague inayoamka mapema, ila hakutuambia tutaijuaje.

Nilimwambia mume wangu apulize. Alitazama kulia na kushoto, maana duka lilikuwa limejaa watu, kisha akaweka mdomo kwenye tundu la tabo kubwa akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Panga likatikisika kidogo likatulia. Akapuliza ile ndogo, na panga likazunguka, likaendelea kuzunguka hata alipoondoa mdomo, taratibu, bila kukwaruza. Nikaomba na mimi nipulize. Likazunguka. Mwuza duka alituuliza kama tumekuja kununua spea au tarumbeta, na watu wakacheka, na sisi tukacheka nao tukiwa na masizi midomoni. Niliifunga ile ndogo kwenye khanga nikaipakata mpaka Sumbawanga.

Fundi alifanya kazi siku nne. Ilibidi achonge kipande cha chuma cha kuunganisha tabo na bomba la moshi, na avute kibomba cha kuipelekea oili ili isiungue. Siku ya tatu alinyamaza kuimba tangu asubuhi mpaka mchana, nasi tukanyamaza naye. Siku ya nne aliwasha. Pale injini ilipokolea tukasikia mluzi mwembamba, kama mtu anayemwita mwenzake upande wa pili wa bonde, na fundi akaanza kuimba tena, safari hii kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia.

Baba mkwe alikuwa tayari tulipofika Milepa. Alivaa koti zito, akashika fimbo yake, akakaa kati yetu mbele. Nyuma tulikuwa na magunia mengi kuliko siku ya bloa, na abiria juu yake. Lori lilishika mlima, mluzi ukapanda, moshi ukawa wa kijivu hafifu. Tulipokaribia chemchemi, mzee akamgonga mwanawe begani.

"Simama. Mimi nashuka hapa."

Mume wangu akamweleza kwamba hakuna haja, gari linapanda, na kulisimamisha na mzigo ule katikati ya mlima ni kutafuta matatizo. Mzee akasema amepita njia hiyo mara nyingi na siku zote anakula viazi hapo. Basi tukasimama. Wote walishuka, mawe yakawekwa kwenye tairi, mama wa viazi akauza beseni zima. Mume wangu hakula. Alilizunguka lori akiangalia mteremko uliokuwa nyuma yake. Kuondoka upya hapo hakuna aliyekuwa amewahi kufanya akiwa na watu juu.

Baba mkwe alifuta mikono, akapanda, akawaita na wengine wapande. Mume wangu akatia gia ya kwanza. Lori likasita, nikaona mkono wake ukikaza kwenye usukani, kisha mluzi ukaja, mapema kabisa, na tukaondoka. Watu juu ya magunia walipiga vigelegele. Mzee akageuka kwangu, akauliza kitu hicho kinachopiga mluzi kinaitwaje. Nikamwambia. Akalirudia neno hilo polepole, akasema jina zuri kwa ng'ombe.

Kesho yake asubuhi aliomba apelekwe Milanzi kwa fundi. Kiswahili cha mmoja kilijaa Kisukuma na cha mwingine Kifipa, na sidhani kama walielewana nusu ya waliyosema. Niliwaacha wameinamia injini, kofia zao zikigusana, fundi akimwonyesha kwa kidole moshi unapoingia na hewa inapotokea. Nilirudi nyumbani kusonga ugali wa ulezi. Mzee alikuwa amesema atakaa siku mbili. Alikaa mwezi mzima, na kila asubuhi baada ya chai alichukua fimbo yake akaelekea gereji.