Mukandekezi na Mistari Yenye Meno

Mukandekezi ni jirani yangu hapa Kimisagara. Anadarizi mashuka, na huu ni mwaka wa pili anatunza chumba cha gemu cha Cassien, nyuma ya cherehani yake. Mimi huingia humo kumnyonyesha Ihirwe. Hakuna anayenikodolea macho, wote wanatazama tivi.

Jumamosi ile Cassien alikuja amenuna. Wateja walikuwa wamelalamika kwamba wachezaji wa kwenye tivi wakijazana golini picha inakwama, na watu wa mtaa wa Kabuga walikuwa wanakuja saa nane kushindana.

"Picha ikikwama leo, unaniachia ufunguo wa chumba," alisema. "Mashine iko mgonjwa, na wewe uko unashona maua."

"Mashine iko mzima," Mukandekezi alijibu, sindano bado inakwenda. "Umeibebesha mzigo."

Kweli, Jumatatu nilimwona Cassien mwenyewe akichagua kwenye menyu picha ya ubora wa juu.

Cassien alipotoka, Mukandekezi alinionyesha shuka anayoidarizi kwa kuhesabu nyuzi. Picha ya tivi nayo ni miraba midogo hivi, alisema. Mstari wa mshazari unatoka ngazi-ngazi. Ukitaka uonekane laini, pembeni mwa kila ngazi unatia uzi wa rangi ya katikati.

"Mashine inafanya hivyo kila picha, Mama Ihirwe, na picha ni nyingi kwa sekunde moja. Mimi shuka moja wiki tatu! Lazima ichoke."

Akaingia kwenye menyu, akaacha ubora, akachagua kasi.

Saa nane mechi ilianza. Ikapigwa kona, wachezaji wote wakajaa golini, na mpira ukateleza bila kukwama hata mara moja. Lakini mistari ya uwanja ilikuwa na meno kama msumeno.

Cassien aliruka. "Mnaona? Ameharibu! Lete ufunguo!"

"Oya, sitoi," alisema Mukandekezi.

Aliufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili, mbele ya macho ya Cassien. Halafu akashika benchi.

"Simameni, wanaume."

Wakasimama. Akaliburuta mpaka ukuta wa nyuma, mimi nikahamisha mguu. "Kaeni sasa. Shuka pia haitazamwi kwa pua."

Wakakaa. Kutoka pale sikuona meno hata moja.

"Sha, jamani, iko sawa kabisa!" alisema Usumani wa Kabuga. "Tuendelee!"

Cassien peke yake alibaki mbele, amekaribia kugusa kioo, anatafuta meno yake.

"Mzee, unawaziba watu," Mukandekezi alimwambia. "Rudi nyuma ama toka nje."

Watu walicheka mpaka Ihirwe akaachia ziwa. Cassien alirudi polepole, akakaa ukingoni mwa benchi, karibu nami.

"Nani aliweka ile ya ubora?" alinong'ona.

Mukandekezi alikuwa ameshaketi kwenye cherehani. "Uliza kidole chako," alisema.

Ufunguo bado uko kwenye fundo. Cassien hajauomba tena.