Jalada la Yaoyao Limefika Mezani kwa Mama Yake

Saa mbili asubuhi, Tian Guimei anafungua jalada la kwanza. Anapitisha kidole kwenye mwandiko wa daktari, kisha anaingiza namba kwenye kompyuta. Kila ugonjwa una namba yake, na bila namba bima hailipi.

Kazi hii ameifanya miaka tisa katika hospitali ya wilaya, milimani magharibi mwa mkoa wa Hunan, China. Mshahara ni yuani 3,400 kwa mwezi. Mumewe yuko Guangdong anajenga maghorofa. Binti yao wa miaka sita, Yaoyao, analelewa na bibi yake kijijini.

Leo kuna jalada analolisukuma chini ya mengine tangu alipofika. Ni la Yaoyao.

Mtoto aliharisha wiki nyingi, akalazwa, juzi akaruhusiwa. Lakini jioni ikiingia, anapapasa kuta. Bibi yake wala hana wasiwasi.

"Macho ya kuku hayo," alimwambia Guimei, mkwewe, kwenye simu. "Kuku naye jioni haoni. Nitampikia maini ya nguruwe kwa mvuke, ataona mpaka panya. Nyie wa mjini kwa kujihangaisha!"

Guimei angependa kumwamini. "Ila baba mdogo wa mume wangu alianza hivihivi," anasema. "Alikula maini mpaka yakamkinaisha. Leo hata chooni anashikwa mkono."

Tofauti hiyo anaijua kwa namba. Upofu wa usiku wa kukosa vitamini A ni E50.5, na unatibika. Usiotokana na upungufu huo ni H53.6, na ndani yake unaweza kujificha ule wa ukoo. Daktari Peng ameandika "upofu wa usiku," basi. Majibu ya damu bado.

"Si uweke E50.5 yaishe?" Dada Ran wa meza ya jirani anamwambia. "Mtoto kaharisha vile, unataka ushahidi gani? Unajitesa bure, mwenzangu."

Guimei anaiandika. Anaitazama kwa muda, halafu anaifuta.

"Nikiiacha, itaonekana keshajulikana anaumwa nini," anasema. "Daktari wa macho hatamwita tena. Na kama ni ule wa ukoo, je?"

Mwandika namba haruhusiwi kubuni sababu ya ugonjwa. Anabandika swali kwenye jalada na kulipandisha mwenyewe wodini. Anarudi amepauka: majibu ni Jumatatu.

Yakiwa mazuri, atamhamishia Yaoyao mjini, kwenye chumba chake kimoja, amlishe kwa mkono wake. Yakiwa mabaya, hajapanga kitu. Hataki hata kuulizwa.

"Jana nimewachomea ubani wazee wetu waliotangulia," anasema, akivuta jalada la mgonjwa mwingine. "Nimewaomba mwanangu awe na upungufu wa vitamini. Mama gani anaomba hivyo? Sijui hata kama wamenielewa."